Tupeane uzoefu: jodari au wahoo aliyekuponyoka bahari kuu

Mtoto wa Makorora

Wakuu, salaam. Picha za samaki waliopandishwa botini tumeziona za kutosha. Leo tuelezane wale walioondoka, na kilichowaondosha. Naanza mimi.

Nipo San Diego, Marekani, mwaka wa saba sasa. Hapa kuna boti za uvuvi wa burudani zinazokwenda mbali kweli: unalala humo siku nane, kumi, hata kumi na sita, mnashuka kusini maji ya Meksiko na pasipoti unabeba. Zamani zilikuwa zinafika kuvua hadi visiwa vya Revillagigedo, ila 2017 Meksiko ikavifanya hifadhi ya taifa na uvuvi ukapigwa marufuku. Mimi na mwenzangu wa kazini tulilipia siku kumi, mwezi wa kumi na moja.

Siku mbili za mwanzo ni kutapika na kufunga mafundo. Ya tatu tukaamkia Alijos, majabali matatu yamechomoza katikati ya maji, kama kilomita 300 kutoka pwani ya Baja California. Hapo ni kwa wahoo. Kwa asiyemjua: mrefu, mwembamba, mistari ubavuni, ukoo mmoja na nguru, mdomo kama mkasi wa fundi cherehani. Tunarambaza kwa zamu, yaani tunakokota chambo boti ikiwa inatembea, watu wanne nyuma ya boti. Mmoja akinasa, nahodha anapunguza mwendo, na sisi wengine tunarusha haraka kwa sababu wahoo hatembei peke yake.

Nikarusha chuma changu, yaani chambo bandia cha chuma, nikazungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, mbio kuliko siku zote. Puu! Mshipi ukatoka kama kishada kilichokatika uzi. Sekunde kumi, halafu kimya. Baharia akaushika ule mshipi, akanionesha: umekatwa kama kwa wembe. Hapakuwa na waya, ule unaofungwa karibu na ndoana ili meno yasikate mshipi. Nilikuwa nimeutoa mwenyewe usiku uliotangulia, maana mzee mmoja abiria aliniambia samaki wa huku wanauona waya na wanaukimbia. Mzee hakusema uongo, ila yeye alikuwa anazungumzia jodari.

Jodari nilipata watatu baadaye. Wenyeji jodari akifika kilo 90 wanamwita ng'ombe. Wangu walikuwa ndama.

Dada wa Kigamboni

Hahaha, ndama! Pole kaka. Mimi wangu alibaki kichwa.

Tulitoka Dar saa sita usiku kwenda Fungu Mbaraka, wengine wanapaita Latham. Ukikaribia alfajiri unapata harufu ya mavi ya ndege kabla hujakiona kisiwa, maana ni kipande kidogo bapa kisicho na mti, kimejaa ndege wa baharini. Pembeni yake tu bahari inazama, ndiyo maana jodari wanapita karibu. Nikanasa mmoja, nikapigana naye dakika arobaini, mikono inatetemeka. Ghafla akawa mzito, kisha akawa mwepesi kabisa. Nikapandisha kichwa na mapezi mawili ya kifua. Papa. Tukarudia, papa tena. Mara ya tatu nahodha akasema tuhame, hapa tunawapikia wenye nyumba. Mume wangu alikipiga picha kile kichwa na mpaka leo ndiyo picha ya simu yake.

Mla Urojo

Mimi wangu hakuponyoka, aliniharibikia mkononi. Nungwi, jodari wa kilo kama ishirini na tano. Kwa furaha tukamlaza sitahani tupige picha, jua la saa saba, barafu ikiwa kwenye boksi hatua mbili tu kutoka pale. Hakuchinjwa kumtoa damu wala hakuingizwa kwenye barafu mpaka tunafika pwani. Jioni tukampika, nazi ya kutosha, bizari, kila kitu. Nusu saa baada ya kula uso wa kaka yangu mwekundu, moyo unamwenda mbio, watoto wanajikuna. Daktari akatwambia ni histamini, hutengenezeka nyama ya jodari ikikaa kwenye joto, na moto wa jiko hauiondoi. Tukapewa dawa za mzio, tukapona. Ila mama hadi leo nikileta samaki ananiuliza, "Huyu naye alipigwa picha?"

Baharia Mstaafu

Wanangu, nimesoma nikacheka. Miye nimefanya kazi boti za wageni hapa Shimoni miaka mingi, Mkondo wa Pemba naujua kama uga wa nyumbani.

Kusi lilikuwa linamalizika, ndege wamejaa juu ya dagaa, na jodari chini yao maji yanachemka. Mgeni wetu akapata mkubwa. Si wa kuhadithia, mkubwa. Jodari hashindani nawe juu ya maji, hushuka. Saa moja na nusu akapanda, tukauona ubavu wake ukimeta chini ya boti, anazunguka duara kwa duara kama wafanyavyo wakichoka. Nimeshika kulabu, nangoja duara lije upande wangu. Mgeni akaona mambo yamekwisha, akakaza breki ya rili amvute upesi. Tap. Basi.

Akajilaumu yule mzungu njia nzima. "Ni mimi, nimekaza sana." Nahodha naye akaitikia, wenzangu wakaitikia. Miye nikakusanya mshipi, nikatazama ncha yake. Haikukatika. Ilikuwa imejikunja kunja kama mkia wa nguruwe, fundo limeachia. Na fundo nilifunga miye, asubuhi, mbiombio. Nikaikata ile ncha, nikaitia mfukoni. Bandarini mgeni akanipa bakshishi, nikapokea. Sijapata kumwambia mtu.

Dada wa Kigamboni

Mzee! Miaka yote hiyo?

Baharia Mstaafu

Yote. Na bakshishi ilikuwa nzuri.

Mtoto wa Makorora

Shikamoo mzee wangu. Nina safari nyingine karibuni, waya nimeshanunua. Naomba kujua, lilikuwa fundo gani?

Baharia Mstaafu

Marahaba mwanangu. Fundo lile lile la siku zote, halina kosa. Nililikaza mshipi ukiwa mkavu. Sikulitia hata mate.