Hitler aliletwa na mfumuko wa bei wa 1923 au kuna kitu kingine?

binti_wa_hgl:
Habari zenu wakuu, niko kidato cha sita naomba msaada. Ticha wetu katuambia Wajerumani walimpa Hitler nchi kwa sababu hela yao ilikufa, mtu anaenda dukani na toroli la noti anarudi na mkate. Sasa mimi nikaangalia miaka, hizo noti za toroli ni 1923 na Hitler kashika madaraka 1933, hiyo miaka kumi hapo katikati hao watu walikuwa wanasubiri nini? Nilimuuliza akasema andika hivyohivyo maksi utapata, ila bado inanisumbua kichwani.

mzee_wa_chaki:
Binti hapo umeshika penyewe, nimefundisha hii topiki miaka mingi na wengi wanapita hapo bila kusimama. Anza na kura. Mei 1928, mfumuko umeshapita zaidi ya miaka minne, chama cha Hitler kinapata asilimia 2.6 tu, viti 12. Septemba 1930 kinaruka hadi 18.3, viti 107. Julai 1932 asilimia 37.3, viti 230, hakuna chama kikubwa kama hicho bungeni. Na miaka hiyo bei zilikuwa hazipandi, zilikuwa ZINASHUKA. Kilichokufa ni ajira. Kuanzia 1924 Ujerumani ilisimama kwa mikopo ya Marekani, soko la hisa la New York likaporomoka Oktoba 1929 wakopeshaji wakaanza kudai chao, viwanda vikafunga, mwanzoni mwa 1932 watu kama milioni 6 wako mtaani hawana kazi. Halafu Kansela Brüning, yaani mkuu wa serikali, ndio akazidi kubana, akakata mishahara ya watumishi akapandisha kodi, tena kwa amri za rais chini ya kifungu cha 48 cha katiba maana bungeni hakuwa na wingi wa kura. Sasa baba mwenye watoto wanne, kazi hana, serikali inamwambia kaza mkanda, atamsikiliza yeyote anayemwahidi kazi.

mkaazi_ruhr:
Shikamoo mwalimu, naomba niongezee. Niko huku Ujerumani mwaka wa tisa, na 1923 msiitupe kabisa jamani. Kuna soko la vitu vya zamani karibu na kwangu nilinunua noti moja ya maki 1000 (maki ndio hela yao ya wakati huo), imeandikwa tarehe 15 Desemba 1922, juu yake wamegonga kwa wino mwekundu "Eine Milliarde Mark", yaani bilioni moja, noti ileile! Hela ilikuwa inakimbia hawana hata muda wa kutengeneza noti nyingine. Kabla ya vita kuu ya kwanza dola moja ilikuwa maki 4.2, Novemba 1923 dola hiyohiyo ni maki trilioni 4.2. Chanzo ni kwamba serikali ilipigana vita kuu kwa kukopa raia wake, halafu Januari 1923 Wafaransa na Wabelgiji wakaingia hapa Ruhr kuchukua makaa ya mawe kufidia deni la fidia ya vita, serikali ikaunga mkono mgomo wa wafanyakazi na mishahara yao ikalipwa kwa kuchapa noti. Mzee aliyeikopesha serikali akiba yake yote wakati wa vita kwa kuipenda nchi yake akabaki na karatasi. Huo woga ndio uliobaki, 1931 ukitaja kuongeza hela kwenye mzunguko watu wanakumbuka toroli, kwa hiyo Brüning hata angetaka kulegeza asingepata wa kumuunga mkono kirahisi.

binti_wa_hgl:
Asanteni sana, sasa naona inaunganika. Na mkataba wa Versailles je, ule wa 1919 wa baada ya vita? Kila notisi inaanza na Versailles.

mzee_wa_chaki:
Iandike, ila usiiache ibebe mzigo wote. Kifungu cha 231 kiliwabebesha dhamana ya hasara za vita, 1921 fidia ikapangwa maki za dhahabu bilioni 132, na mkataba huohuo kifungu cha 119 ndio ulioitoa Tanganyika yetu kwa Mjerumani. Uchungu ulikuwepo kweli. Lakini Versailles ilikuwepo 1928 pia na watu hawakumpigia Hitler kura, sababu iliyopo miaka yote haikuelezi kwa nini ni 1932.

Na kuna jambo nakuomba usiliache maana linaniuma kila nikilifundisha: Hitler hakuwahi kupata nusu ya kura kwenye uchaguzi huru. Novemba 1932 alishuka hadi asilimia 33.1, upepo umeanza kumgeukia. Papen, kansela wa zamani, na wenzake ndio waliomshawishi rais mzee Hindenburg ampe ukansela 30 Januari 1933, wakiamini watamzungushia mawaziri wao na watamwendesha. Februari 27 bunge likaungua, kesho yake haki za raia zikasimamishwa. Machi 23 ikaja kura ya kumpa mamlaka ya kutunga sheria bila bunge, wakomunisti wameshakamatwa au wamekimbia, askari wa chama wamejaa ukumbini. Wabunge 94 wa SPD, chama cha wasoshalisti wa kidemokrasia, walipiga kura ya hapana, wote waliokuwepo, na wengine wote wakasema ndiyo.

binti_wa_hgl:
Hao 94 sikuwahi kuwasikia darasani. Nawaandika leo.