Tokyo Story kwa watazamaji wa Mtwara: ionyeshwe vipi?

Mshangani
Habari wakuu. Kikundi chetu cha vijana hapa Mtwara kinataka kuonyesha Tokyo Story, ile ya Japani ya 1953. Watu wa huku wamezoea muvi za mapigano zenye mtafsiri anayesimulia juu yake. Hii ni saa 2 na dakika 16, haina rangi, haina hata risasi moja. Waambiwe nini wasitoke? Na mtafsiri awepo?

Mpenda Picha (Lindi)
Mtafsiri hapana. Ozu, mwongozaji wake, ameacha kimya kifanye kazi. Ukikijaza vichekesho umeiua. Wekeni maandishi ya chini kwa Kiswahili: mistari isizidi miwili, herufi kama 40 kwa mstari, na sentensi ndefu ibaki kwenye kioo hadi sekunde 6.

Kabla ya kuanza semeni tu kwamba wazee wawili wanatoka mji wa Onomichi kwenda Tokyo kuwaona watoto wao, na watoto hawana nafasi. Basi. Mtu wa Newala ambaye mama yake ameshawahi kushuka Mbagala, Dar, na mfuko wa korosho na ming'oko hahitaji maelezo zaidi.

Mwangalieni Shige, binti mwenye saluni. Mumewe anawanunulia wakwe keki. Shige analalamika kuwa ni ghali, huku anazila. Hatukani mtu. Kisha wazee wanapelekwa Atami, mji wa mapumziko, maana inatoka nafuu kuliko kuhangaika nao. Usiku kelele za wageni wengine zinawanyima usingizi. Noriko, mjane wa mtoto wao aliyepotelea vitani, anaishi chumba kimoja na anaazima pombe kwa jirani ili awakirimu. Msimwite Shige mbaya mapema, kwani mama akiwa mahututi yeye ndiye anaangua kilio. Ila kwenye chakula cha baada ya mazishi anaulizia nguo za marehemu. Hapo ukumbi utaguna. Uacheni ugune.

Fundi Mikindani
Naongezea la watu kutoka nje ya ukumbi. Ozu anaruka matukio. Wanafunga mizigo Onomichi, mara unaona mabomba ya moshi ya Tokyo. Safari yenyewe haipo. Kukata roho kwa mama nako hakuonyeshwi. Aliyekwenda kununua soda akirudi hajui kilichopita, kisha anasema filamu haieleweki. Wekeni mapumziko ya dakika 10 baada ya wazee kuagana na watoto stesheni ya Tokyo, si popote mnapojisikia.

Picha ni ya 4:3, yaani upana nne kwa kimo tatu. Msiitanue ijaze shuka lote la kuonyeshea, watu watakuwa wanene na mistari ya milango itaharibika. Kamera yake iko chini, kama macho ya mtu aliyekaa mkekani, na haisogei ila mara chache mno. Umbo la chumba ndilo linaloongea. Ukingo wa chini wa shuka uwe juu ya vichwa vya waliokaa mbele, la sivyo maandishi hayasomeki.

Mshangani
Shukrani wakuu. Tumejaribu kwenye laptopu, maandishi yanatangulia sauti.

Fundi Mikindani
Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza H kuyachelewesha, G kuyawahisha. Kila mbofyo ni milisekunde 50. Pengo likizidi kadiri filamu inavyoendelea, faili hilo ni la toleo lenye kasi nyingine. Tafuteni jingine, H haitawaokoa.