Jina la bibi yangu limekuwa wimbo. Nimpe mwanangu au niliache?

Mama Kijacho, Mwanza

Wapendwa, habari za jioni. Mimba yangu ina wiki 34, ni mtoto wetu wa kwanza na kipimo kimeonyesha ni wa kike. Jina nilikuwa nalo hata kabla sijaolewa: Salome. Ni jina la bibi mzaa mama, aliyenilea Kamachumu kule Muleba tangu nina miaka mitatu mpaka namaliza darasa la saba.

Jumapili tulikuwa ukweni. Watu wameshakula, mume wangu akanigeukia mbele ya wote: haya, waambie tumemchagulia jina gani. Nikalitaja. Wifi yangu hakusema neno, aliinuka tu akaanza kukata kiuno na kuimba, na sebule nzima ikaitikia, mpaka watoto. Wimbo mnaujua, ule wa Diamond Platnumz na Rayvanny wa 2016. Mama mkwe peke yake ndiye hakucheka, lakini naye akaja na lake: Salome ni yule binti aliyemchezea Herode mpaka Yohana Mbatizaji akakatwa kichwa, sasa mjukuu wake aitwe hivyo kwa kosa gani? Nilinyamaza. Njia nzima ya kurudi sikumsemesha mume wangu.

Niwaeleze bibi alikuwa nani. Hakujua kusoma. Kila Pasaka aliniamsha kabla hakujapambazuka, akawasha koroboi, nimsomee Marko sura ya 16, wale wanawake watatu wanaokwenda kaburini na manukato. Salome ni wa tatu kutajwa. Nikifika hapo alinyoosha kidole niweke pale penye jina lake, akalitazama kwa muda mrefu, kisha ananiambia niendelee. Kilichomshika zaidi ni kwamba walikuwa njiani wanaulizana nani atawavingirishia lile jiwe, na bado hawakurudi nyumbani. "Walikwenda," alikuwa akisema. "Hawajui jiwe litatoka vipi, na walikwenda." Bibi alizika watoto wanne katika kibanja kilekile cha migomba, mama yangu akiwa wa mwisho. Sare zangu za shule alizinunua kwa kahawa, na ikifika Novemba kwa senene.

Sasa naogopa. Naogopa binti yangu atatembea barabarani watu wakimwimbia kiuno. Waliopewa majina ambayo baadaye yalichukuliwa na wimbo au sinema, mmeishije nayo? Na wanaoijua Biblia, mama mkwe ana haki?

Baba wa Wawili, Morogoro

Hongera kwa ujauzito, dada. Ushauri wangu ni usimpe, na nina sababu.

Binti yangu mkubwa ni Salome, amezaliwa 2010. Wimbo ulipotoka alikuwa na miaka sita. Watoto wenzake hawakunisumbua sana, mtoto anaimba chochote anachosikia kisha anasahau. Walioniumiza ni watu wazima. Kondakta wa daladala akisikia mama yake anamwita, anaanza. Vijana wa kijiweni wanaanza. Siku moja nimemtuma dukani hapo jirani, akarudi bila sukari, amekumbatia hela. Nikamuuliza kuna nini. Akaniambia baba, wale wajomba wameniambia nikatike. Miaka sita!

Mwaka uliofuata tulipompeleka darasa la kwanza tuliomba aitwe kwa jina lake la pili, na mpaka leo ndilo analotumia. Heshima ya bibi yako naielewa kabisa. Lakini bibi amepumzika, na atakayesimama mbele ya kijiwe ni mtoto.

Bi Zuwena, Unguja

Shikamoo kwa wakubwa, na wewe mwanangu Mungu akujaalie ujifungue salama. Mimi ni mtu mzima, na tangu 2023 jina langu nalo ni wimbo, wa msanii huyohuyo. Zuwena ni jina la bibi zetu hapa na Omani, maana yake kitu kizuri, na mimi nimelibeba zaidi ya miaka hamsini. Mwaka ule kila nikiingia sokoni Darajani niliimbiwa. Sasa hivi naimbiwa mara mojamoja. Wimbo una msimu wake kama embe.

Tena jambo moja. Salome lenu na Salama letu ni ndugu wa damu, asili yake ni ile amani ya Kiebrania na ya Kiarabu, wamo humo na akina Salim na Selemani. Nimemwambia jirani yangu Bi Salma habari zako, akasema mwambie asiogope, huyo ni somo yangu.

Mama Kijacho, Mwanza

Baba wa Wawili, habari ya sukari imenikosesha usingizi. Hicho hasa ndicho nilichokuwa naogopa bila kuweza kukisema ukweni. Mpe pole binti yako.

Mwalimu Salome, Njombe

Mdogo wangu, nimesoma yote kwa makini kwa sababu hili jambo limenipata mara mbili.

Nilizaliwa 1990. Nikiwa shule ya msingi ndipo wimbo wa Saida Karoli ulipovuma nchi nzima, Maria Salome, ule ambao akina Diamond waliuchukua baadaye wakautengeneza upya. Alikuwa anaimba Kihaya, kwa hiyo huku Njombe hakuna aliyeelewa zaidi ya jina langu na ile "chambua kama karanga". Nikaitwa Karanga mpaka darasa la saba. Haikuniumiza. Yule mama alikuwa anaimba vizuri mno, na nilikuwa najivuna kusikia jina langu redioni.

Mwaka 2016 ni habari nyingine. Nilikuwa mwalimu mpya, umri miaka 26, kidato cha pili, wavulana wengi wana kimo kunizidi. Nikigeukia ubao, nyuma yangu wanaguna ule wimbo midomo imefungwa. Unaandika chaki inatetemeka. Wiki ya kwanza nilijifanya sisikii. Wiki ya pili niliweka chaki chini, nikafunga mlango, nikawaambia: jina hili nilipewa na baba yangu siku niliyozaliwa, na mama yangu ndilo analoniita akiwa na shida. Anayetaka kuniimbia, asimame aniimbie usoni. Hakusimama mtu. Nikaendelea na kipindi. Mmoja wa wavulana wale sasa ni fundi umeme hapa mjini, tukikutana ananiita "Madam Salome" kwa heshima zote.

Kwa hiyo Baba wa Wawili amesema kweli tupu, wanaochafua jina ni watu wazima. Nisichokubaliana nacho ni kwamba mtoto ndiye ahame. Lakini hesabu miaka pia. Wako ataanza darasa la kwanza kama 2032. Wenzake darasani watakuwa wamezaliwa miaka kumi hivi baada ya wimbo ule, utakuwa kwao wimbo wa wazazi. Binti wa Morogoro aliukuta ukiwa wa moto, tena akiwa na umri ambao hawezi kujibu. Wako ataukuta umepoa.

Sasa mama mkwe. Mpokee kwa adabu, maana hajalitunga, watu wengi wamefundishwa hivyo. Lakini fungueni pamoja Mathayo 14 na Marko 6. Msichana aliyecheza anaitwa binti wa Herodia, basi. Injili hazimpi jina. Aliyeandika kwamba binti wa Herodia aliitwa Salome ni Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi wa karne ya 1, na yeye hasimulii ngoma yoyote. Watu wa baadaye ndio waliounganisha hayo mawili. Lilikuwa jina la kawaida kabisa kwa wanawake wa Kiyahudi siku hizo. Hata malkia aliyewatawala miaka 76 hadi 67 kabla ya Kristo aliitwa Salome Aleksandra. Salome ambaye Injili inamtaja kwa jina ni mmoja tu, na Marko anamtaja mara mbili: amesimama kwa mbali akitazama msalaba, na siku ya tatu anakwenda kaburini. Bibi yako hakujua kusoma lakini alijua kidole chake kinakaa wapi.

Usibishane naye. Msomee tu kama ulivyokuwa unamsomea bibi.

Mtu wa Bukoba

Naongeza kidogo. Ukimpa Salome mpe na jina la nyumbani, la Kihaya, linaloanza na Koku. Kokushubira, Kokugonza, Kokuhirwa, yapo mengi. Huko mtaani akichoka ataitwa Koku na hakuna wimbo utakaomfuata. Hivyo Baba wa Wawili naye atakuwa amesikilizwa, mtoto ana mlango wa kutokea akiuhitaji. Na wimbo wa Saida usiuweke kapu moja na huu wa juzi. Kwetu wazee waliuinukia harusini.

Mama Kijacho, Mwanza

Kweli kabisa. Mara ya kwanza bibi kuusikia alikuwa anachambua maharage uani, redio ya jirani ikaimba jina lake kwa Kihaya chake. Aliacha ungo akakaa kimya mpaka ukaisha. Nilikuwa nimeisahau siku hiyo kwa sababu ya huu mwingine.

Nimekwenda kwa mama mkwe peke yangu, Jumatano, nimebeba Biblia na kilo mbili za sato. Tulianza na Marko 6, akachukua miwani akatafuta jina mwenyewe kwa kidole, hakuliona. Tukaenda 16. Tulipofika kwenye jiwe akaniambia rudia. Nikarudia. Akauliza bibi alizika watoto wangapi, nikamwambia wanne, na kwamba wa mwisho ni mama yangu. Hakusema lolote kuhusu jina. Alinikaangia samaki.

Mama Salome, Mwanza

Ni mimi. Amezaliwa Jumanne alfajiri, kilo 3.1, ana nywele nyingi. Nesi aliyekuwa anajaza karatasi aliuliza jina, nikasema Salome, akaanza kuuguna wimbo bila hata kujijua. Mume wangu, aliyecheka siku ile ukweni, alimwambia kwa upole, "Dada, ni jina la bibi yake." Akanyamaza, akaomba radhi, akaandika. Salome Kokuhirwa.

Jana wifi alikuja kumwona. Mama mkwe alikuwa anamwogesha. Wifi akauliza, "Mmemwita nani hatimaye?" Nilikuwa navuta pumzi nijibu. Mama mkwe hakuinua kichwa kutoka kwenye beseni. "Salome," akasema, "wa kaburini. Nipe taulo."