Takwimu zinasema uhalifu umeshuka, mbona watu hawaamini?

Mdadisi:
Wakuu, heshima kwenu. Ripoti ya polisi ikitoka inasema uhalifu umepungua, lakini kila ninayeongea naye anasema hali inazidi kuwa mbaya. Nishike lipi?

Karani wa Kaunta:
Mkuu, nimeandika malalamiko kaunta ya kituo miaka mingi. Mtu kachomolewa simu mfukoni, anakuja kwa sababu anahitaji karatasi ya kurudishiwa laini. Unamuuliza, "Ulimwona aliyechukua?" Hakumwona. Basi inaandikwa "imepotea", na mwisho wa mwezi wizi huo haumo kwenye hesabu. Na huyo angalau kaja. Wengi hawaji kabisa, hasa aliyeumizwa na mtu wa nyumbani kwake.

Wala si tatizo la kituo kimoja. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi wa Uingereza na Wales walikuta takribani kosa 1 kati ya 5 yaliyoripotiwa halikuandikwa; makosa ya ngono ni zaidi ya 1 kati ya 4. Mwaka huohuo takwimu za polisi zilivuliwa hadhi ya takwimu rasmi za taifa. Afadhali wenzetu hao wana utafiti wa kaya tangu miaka ya 1980: watu wanaulizwa moja kwa moja yaliyowapata, wawe waliripoti au hawakuripoti.

Mauaji ni habari nyingine, maana maiti haifichiki kirahisi. New York mwaka 1990 waliuawa watu zaidi ya 2,200. Mwaka 2017 hawakufika 300. Hapo sibishani na polisi.

Bint Hesabu:
Nakubaliana na Karani, ila na sisi wananchi tupimwe. Gallup, shirika la kura za maoni la Marekani, wanawauliza Wamarekani tangu mwaka 1989 kama uhalifu umeongezeka kuliko mwaka uliotangulia, na karibu kila mara walio wengi husema uhalifu nchini umeongezeka, hata katika miaka uliyokuwa unashuka. Ukiwauliza kuhusu eneo wanaloishi, wanaosema hivyo wanapungua. Eneo lako unalijua kwa macho, nchi unaijua kwa taarifa ya habari.

Mdadisi:
Ahsanteni. Na kesi za ubakaji zikiruka ghafla kwenye ripoti, nizisomeje?

Karani wa Kaunta:
Anza na sheria. Sweden ilipanua maana ya ubakaji mwaka 2005, na kule kila tukio huhesabiwa peke yake hata kama mtendaji ni yuleyule. Namba lazima ipande.

Kisha uliza nani anapokea malalamiko. Kwetu alipowekwa askari wa kike kwenye chumba chenye mlango unaofungika, wakaanza kuja kina mama wenye mambo ya miaka ya nyuma, wengine wakishikwa mkono na mabinti zao. Mkubwa wetu alikuja juu alipoiona ripoti ile. Mimi nilitamani namba ipande zaidi.