Goti la Lusajo: gumzo la kikundi cha "Ukoo wa Bibi, Tukuyu–Mbeya"

Mama Lusajo: Shikamooni wakubwa. Lusajo kaumia goti jioni hii mpirani, Ilomba. Hakuguswa na mtu. Aligeuka na mpira, mguu ukabaki umekita chini, akasikia "ta!" ndani ya goti. Sasa limejaa kama boga.

Bibi: Pole mwanangu. Mkande na maji ya moto na chumvi. Kesho mlete huku, yupo mzee anachua vizuri.

Sekela (fiziotherapia): Shikamoo bibi. Naomba sana, maji ya moto yasimguse kwanza. Goti likivimba ndani ya saa chache, mara nyingi ni damu inavujia ndani ya kiungo. Joto na kuchua vinaizidisha. Siku 2 au 3 za mwanzo ni za baridi.

Mama Lusajo: Barafu saa hizi naitoa wapi?

Sekela: Dukani hapo, zile barafu za ukwaju za mfuko. Zifunge kwenye khanga, zisigusane na ngozi. Dakika 15 hadi 20, unatoa, unarudia baada ya saa 2. Mguu uweke juu ya mito. Bandeji ikimtia ganzi vidoleni, legeza.

Baba mdogo Sae: Si ameteguka tu? Hospitali ya nini?

Sekela: Tumpime baba. Anaweza kukanyaga hatua 4, hata kwa kuchechemea? Goti linakunjika hadi pembe mraba? Ukibonyeza pia ya goti, au kile kijifupa cha upande wa nje chini ya goti, panauma?

Mama Lusajo: Hatua 2 tu, akalia. Kukunja hawezi. Ukibonyeza hapaumi.

Sekela: Basi kesho mapema eksirei, pale Hospitali ya Rufaa. Lakini eksirei inaonyesha mfupa, kano haionekani. Wakiwaambia mfupa mzima, msiishie hapo. Ule mlio na uvimbe wa haraka vinanipa wasiwasi wa kano ya mbele, inayozuia mfupa wa muundi usisogee mbele. Uvimbe ukishuka daktari wa mifupa amvute goti kwa mikono, ikibidi apigwe MRI, ile picha inayoonyesha kano.

Bibi: Ikikatika inaungwa?

Sekela: Mara nyingi haijiungi vizuri yenyewe, bibi. Wengine mazoezi ya kukaza paja yanawatosha. Wengine wanapasuliwa, anawekewa kano iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili wake, na mpira anausubiri angalau miezi 9. Akirudi uwanjani goti likiwa bado linamponyoka, gegedu ndani linachanika, na hapo ndipo vijana wetu wanaharibikiwa kabisa.

Kaka Iringa: Pole mdogo wangu. Sekela, mimi muundi unauma nikikimbia.

Sekela: Ukiuma mstari mrefu, punguza mbio kwa muda. Ukiuma sehemu moja ndogo ukiibonyeza, acha kabisa kukimbia, ukapimwe. Huenda mfupa umeanza ufa.

Mama mdogo, usiku huu shavu la mguu wa Lusajo likikakamaa na maumivu yakazidi hata ukimnyoosha vidole tu, au mguu ukawa baridi, msingoje asubuhi.

Bibi: Ndaga fijo, asante sana mjukuu wangu. Mzee wa kuchua nitamwambia asubiri.

Mama Lusajo: Nimpeleke na bodaboda?

Sekela: Hapana, mguu utaning'inia. Anahitaji kiti cha nyuma chote.

Baba mdogo Sae: Saa 12 asubuhi nipo mlangoni na gari. Kadi ya bima msisahau.