Bima wamepokea ada ya replika yangu miaka 2, gari limeibwa wananipa chini ya nusu ya thamani

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Gari langu liliibwa usiku kutoka gereji ya nyumbani, hapa Uingereza ninakoishi, na kampuni ya bima niliyoilipa bila kuchelewa hata siku moja sasa inajifanya hailijui gari hilo.

Ni replika, yaani nakala ya kuiga, ya gari la michezo la AC Cobra, niliyoiunganisha mwenyewe: bodi ya faibaglasi, chasisi mpya ya chuma, injini ya Ford V8 iliyokwishatumika, na namba ya usajili inayoanza na Q, ambayo DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya hapa, huitoa kwa gari ambalo umri au asili yake haithibitiki. Cobra za asili za miaka ya 1960 ni takriban 1,000 tu, na bei yake mtu wa mshahara haigusi. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba langu ni la asili.

Tabu ilianza kwenye mkopo. Wakopeshaji wa magari hufuata vitabu vya bei vinavyoorodhesha magari ya kiwandani kwa aina na mwaka. Langu halimo, hivyo hakuna aliyekubali kulishika kama dhamana. Nikachukua mkopo binafsi wenye riba kubwa zaidi, ambao naendelea kuulipa kila mwezi ilhali gari sina.

Kwenye bima nilieleza kila kitu kwa maandishi: kwamba ni replika, kwamba limefaulu IVA, ukaguzi wa gari mojamoja kabla ya kuruhusiwa barabarani, pamoja na picha na risiti za vipuri za pauni 38,000. Niliomba bima kubwa, wakapokea ada miaka 2 bila kuuliza swali. Baada ya wizi, mtathmini wao akaniandikia kwamba mkataba unalipa thamani ya soko, na kwa kuwa soko la gari la namna hii halijulikani, nipokee pauni 14,500. Halijulikani vipi, wakati replika za Cobra zinatangazwa kuuzwa hapa nchini, na nimewapelekea matangazo sita yenye bei?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ipo mikataba ya thamani iliyokubaliwa, ambapo mwenye gari na kampuni huandika kiasi cha fidia kabla ya ajali au wizi kutokea. Aliyenihudumia alikuwa na risiti zangu mkononi, akajua gari halimo kwenye kitabu chochote, na bado akaniuzia mkataba wa thamani ya soko bila kunieleza tofauti.

Nimewasilisha malalamiko rasmi, na wana wiki 8 za kutoa jibu la mwisho. Lisiponiridhisha, nitalipeleka faili lote Financial Ombudsman Service, chombo huru kinachoamua migogoro ya wateja na kampuni za fedha na bima. Aliyewahi kulipwa fidia kamili ya replika naomba anieleze alitumia ushahidi gani, hasa kama ripoti ya mtathmini wa kujitegemea inakubalika ikiwa gari lenyewe halipo tena la kukaguliwa.