Kampuni ya vipuri vya elektroniki ikue kwa kununua wenzake, au ijenge tanuri lake?

Waya_Mwekundu
Wakuu, tulizungumze hili kabla halijapoa. Mnakumbuka sakata la mwaka 2025 la Yageo ya Taiwan na Shibaura Electronics ya Japani. Shibaura hutengeneza thamista, vile vidubwasha vinavyopima joto ndani ya friji, viyoyozi na magari. Yageo ilikuja bila kualikwa mwezi Februari, ikataja yeni 4,300 kwa hisa. Wakubwa wa Shibaura wakagoma, wakaikimbilia MinebeaMitsumi, kampuni nyingine ya Japani, iwaokoe, mnada ukaanza, na mwisho wa yote Yageo ikachukua kwa yeni 7,130. Katikati hapo serikali ya Japani ikakaa na faili mpaka Septemba, ikikagua kama ununuzi huo unagusa usalama wa taifa.

Swali langu: serikali ina haki gani ya kuingilia? Kampuni ya kapasita (vipuri vinavyotunza chaji ya umeme) na rezista (vinavyopunguza mkondo) kama Yageo itakuaje bila kununua wenzake? Kipuri kimoja kinauzwa kwa sehemu ndogo ya senti. Huwezi kupandisha bei ukiwa peke yako, mteja anahamia kwa jirani. Na utengenezaji wenyewe hauna siri: kapasita ya kauri ni kukanda udongo na kuuchoma. Kinachotofautisha kampuni ni orodha ndefu ya bidhaa na kukubalika mezani kwa wateja wakubwa, na hivyo vyote hununuliwa. Anayezuia anachelewesha tu.

Tanuri_1300
"Kukanda udongo na kuuchoma." Nimefika hapo nikashindwa kuendelea.

Nimekaa miaka kumi na moja kwenye laini ya kapasita za kauri. Huo "udongo" ni bariamu titaneti, poda ambayo punje zake lazima zilingane kwa udogo ambao jicho haliuoni. Inatandazwa tabaka lenye unene usiofika maikromita moja. Unywele wako una makumi ya maikromita. Juu yake inachapwa nikeli. Kisha tabaka jingine, mamia kwa mamia, nyingine zinapita elfu. Ndipo zinabanwa, zinakatwa na kuchomwa pamoja kwenye joto linalozidi nyuzi 1,200. Oksijeni ikizidi tanurini, nikeli inaharibika. Ikipungua kupita kiasi, kauri yenyewe inaacha kuhami. Na vyote vinasinyaa, chuma kwa mwendo wake na kauri kwa mwendo wake. Ukikosea kidogo zinapasuka ndani na kwa nje huoni kitu.

Nenda kanunue hiyo "orodha ndefu", halafu poda ibadilike kidogo tu, uje uniambie ulinunua nini.

Hesabu_Mbili
Mkuu Tanuri, punguza moto, hakuna aliyekutukana. Jamaa ameongelea biashara.

Tukirudi kwenye hoja: Yageo ni darasa zima. Mwaka 2000 ilinunua kutoka Philips biashara ya rezista na kapasita, Phycomp, pamoja na Ferroxcube ya feraiti, ile kauri yenye sumaku. Miaka mingi ikakaa kimya. Ukaja uhaba wa kapasita wa 2018. Wajapani walikuwa wamehamisha nguvu kwenye kapasita ndogo kabisa za simu na zile za magari, kapasita za kawaida wakaona hazina faida. Nani alibaki nazo? Yageo. Bei zikaruka, fedha zikamiminika, na badala ya kuzila ikanunua Pulse mwaka huo huo na Kemet mwaka 2019. Kapasita ya kauri ikaongezewa kapasita za tantali (metali adimu), vikoili na majina yanayokubalika kwenye magari na ndege. Hapo tanuri limefanya nini? Ni hesabu.

BintiFeraiti
Kemet ilikamilika 2020. Makubaliano ndiyo ya 2019, dola bilioni 1.8 pamoja na madeni. Tuwe makini.

Mchuuzi_wa_Oda
Nyie mnaousifia uhaba wa 2018 kama mavuno, nani kati yenu alikuwa upande wa kununua? Mimi ndiyo kazi yangu. Nilikuwa na oda zilizothibitishwa, zenye tarehe. Msambazaji akaniandikia kwamba "hali ya soko imebadilika", tarehe zikasogea wiki kwa wiki, na mzigo ule ule nikauona unauzwa kwa wachuuzi wengine kwa bei ambayo sitaki kuikumbuka. Laini yetu ilisimama kwa sababu ya kipande kidogo kuliko punje ya ulezi. Saketi nzima ipo, prosesa ipo, kasha lipo, tunasubiri kapasita.

Kwa hiyo mtu akiniambia kampuni ikue kwa kumeza wenzake mpaka wabaki watatu, namuuliza: siku ya uhaba mimi nimpigie nani?

Hesabu_Mbili
Mchuuzi, na wewe uliagiza mara mbili mara tatu kama wenzako, kusudi upate walau moja. Uhaba nusu yake uliutengeneza wewe. 😅

Mchuuzi_wa_Oda
Mara mbili. Tatu ni uongo.

BintiFeraiti
Mfano mzuri hapa ni TDK, nashangaa hakuna aliyeitaja. Imeanzishwa 1935 kwa ajili ya kitu kimoja, feraiti, ugunduzi wa maprofesa wa chuo cha ufundi cha Tokyo. Wa rika langu tunaijua kwa kaseti, lakini hata kaseti ilikuwa tawi la mti ule ule: unga wa sumaku uliopakwa kwenye utepe. Hapo ilikua kwa kile ilichokijua.

Mwaka 2005 ikanunua ATL, kampuni changa ya Hong Kong ya betri za lithiamu, kwa fedha ambayo leo mtu angeicheka. Leo betri ndogo za simu ndizo zinazoibeba TDK kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo ndiyo, kununua kunaweza. Ila angalieni walichofanya baada ya kununua: waliwaacha wenyewe waendeshe. Hawakupeleka mtu wa makao makuu kuwafundisha betri.

Na kuna utamu wake na uchungu wake. Waliokuwa ATL ndio walioanzisha CATL mwaka 2011, ambayo sasa ndiyo kubwa kuliko zote duniani kwa betri za magari. Mti umepandwa kwa TDK, tawi nene limeangukia uani kwa jirani.

Waya_Mwekundu
Dada umesema yote. Kununua kunaweza. Asante.

BintiFeraiti
Umesoma sentensi moja kati ya kumi.

Hesabu_Mbili
Wahandisi mna tatizo moja, mnadhani anayejua kutengeneza ndiye anayekula. Wahenga walishamaliza: mfinyanzi hulia gaeni. Anayefinyanga chungu kizuri kuliko wote bado anakula kwenye kigae, na chungu kinakwenda kwa mwenye fedha. Ndiyo maana ni nyinyi na matanuri yenu mnaonunuliwa. Sijawahi kusikia tanuri limenunua mhasibu.

Tanuri_1300
Haya. Umeleta mfinyanzi mwenyewe, kwa hiyo tuongee ufinyanzi.

Kampuni inayoongoza duniani kwa kapasita za kauri ni Murata, kama asilimia 40 ya soko. Akira Murata aliianzisha Kyoto mwaka 1944. Baba yake alikuwa na nini? Karakana ya vyombo vya kauri. Mfinyanzi, ndugu yangu, tena siyo kwa methali. Kijana akawaza: kauri hii hii ikiwekwa umeme itafanya nini ambacho hakuna mwingine anacho? Mpaka leo Murata inatengeneza poda yake na mashine nyingi za laini zake, ili jirani asiweze kuagiza mashine ile ile dukani akawa mshindani baada ya miezi sita. Na Kyocera jina lake limetokana na nini? Kauri ya Kyoto. Mwaka 1959. Wafinyanzi tena.

Huyo mfinyanzi hali gaeni. Anayekula gaeni ni kiwanda kilichonunuliwa, kikapelekewa mtu wa hesabu mbili akakata bajeti ya maabara mwaka wa kwanza, na wazee wanaoijua poda wakaondoka na ujuzi wao kichwani. Nimekiona kiwanda hicho. Nilikuwa ndani yake.

Mdogo_wa_Saketi
Samahani kuingilia wakubwa. Nimenunua kapasita ya maikrofaradi 10, ile ndogo kabisa, ikiwa kwenye volti 5 inafanya kazi kama ya 4 hivi. Nimeuziwa feki?

Hesabu_Mbili
Pole kwa yaliyokukuta, Tanuri, sasa naelewa jazba inatoka wapi. Lakini usimfanye Murata malaika. Mwaka 2017 si ndiye aliyenunua biashara ya betri ya Sony? Wa kwanza kuingiza sokoni betri ya lithiamu-ioni, 1991! Jina kubwa, ujuzi mkubwa, wahandisi tele. Ikawa nini? Hasara, miaka nenda rudi, mpaka vitabuni wakalazimika kupunguza thamani ya mitambo. Mfinyanzi wako akinunua anaungua kama mwingine yeyote.

Tanuri_1300
Si ndicho ninachosema tangu asubuhi? Alitoka kwenye kauri akaenda asikokujua, akaungua. Umenisaidia bila kutaka.

Hesabu_Mbili
TDK nayo ilitoka kwenye feraiti ikaenda kwenye betri ikatajirika. Dada Feraiti kaandika hapo juu. Sasa kanuni yako inafanya kazi Jumatatu tu?

BintiFeraiti
Msiniingize kwenye ugomvi wenu. TDK ilinunua mapema, ikanunua watoto wenye njaa. Murata ilinunua kitu ambacho mwenyewe alishakichoka. Ukinunua kwa mtu anayeuza kwa furaha, jiulize anafurahia nini.

Mnachosahau wote wawili ni malighafi. Mnaongea ukuaji kana kwamba poda inashuka na mvua. Chukueni hiyo Kemet. Ilikuwa inategemea tantali, na tantali inatokana na koltani, na koltani nyingi inatoka Kongo. Mwaka 2010 Marekani ikapitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni kueleza kama madini yao yanatoka kwenye maeneo ya vita ya huko. Wengi wakachagua njia nyepesi, wakaacha kununua Kongo kabisa, mchimbaji mdogo akabaki na gunia lake. Kemet ikaenda kinyume: ikafunga mkataba na mgodi wa Kisengo, Katanga, ikajenga shule na zahanati, ikahakikisha mawe yanafuatiliwa kutoka shimoni mpaka kiwandani. Mwaka 2012 ikanunua na mtengenezaji wa poda ya tantali, Niotan. Yaani ikashika mnyororo wote, shimo mpaka kapasita. Huo ndio mkakati, siyo kununua nembo.

Mchuuzi_wa_Oda
Na ikanunuliwa hivyo hivyo.

BintiFeraiti
Na ikanunuliwa hivyo hivyo, ndiyo. Unadhani Yageo ilitoa bilioni 1.8 kwa ajili ya nembo?

Mchuuzi_wa_Oda
Shule na zahanati ni nzuri kwenye ripoti ya mwaka. Mgodi mmoja. Madini ya Rubaya, mashariki mwa Kongo, yanayotoka chini ya mtutu wa bunduki nayo yanafika kwenye kapasita za mtu fulani, na mtu huyo anakua vizuri tu. Mimi mwenyewe napokea fomu za "hatuna madini ya vita" kila robo mwaka, zimesainiwa, safi, hakuna hata moja iliyowahi kusema "tunayo".

Waya_Mwekundu
Jamani, uzi ni wangu. Niliuliza kuhusu serikali kukagua ununuzi wa kampuni ya thamista. Tumepita Kyoto, tumepita Katanga, tumezika betri za Sony, na hakuna aliyejibu. Thamista ni kipima joto! Usalama wa taifa uko wapi hapo?

Tanuri_1300
Nakujibu. Thamista nayo ni kauri: oksidi za manganizi, nikeli, kobalti, zimechanganywa kwa kipimo ambacho kila kiwanda kinakificha. Inakaa kwenye betri ya gari la umeme kuliambia lisijichome. Serikali ilikuwa inauliza kile kipimo kitabaki wapi, na Yageo ikaruhusiwa baada ya kuahidi kulinda huo ujuzi. Maana yake hata Wajapani hawakuwa wanagombea orodha ya bidhaa. Walikuwa wanagombea udongo.

Hesabu_Mbili
Na mwenye hisa wa Shibaura aligombea nini? Kutoka 4,300 mpaka 7,130. Kila mwezi serikali ilipochelewa yeye alizidi kuneemeka. Huyo ndiye mjanja pekee kwenye uzi huu.

Waya_Mwekundu
Sawa, neno "kukanda udongo" nalifuta. "Kuchoma" linabaki.

Tanuri_1300
Kuchoma libaki, hilo ni sahihi.

Mdogo_wa_Saketi
Wakuu, ile kapasita yangu?

Tanuri_1300
Si feki, mdogo wangu. Bariamu titaneti ikibanwa na volti inapoteza sehemu ya uwezo wake, na kadiri kapasita inavyokuwa ndogo kwa umbo ndivyo inavyopoteza zaidi. Namba iliyoandikwa imepimwa bila volti ya kudumu. Fungua mchoro wa mtengenezaji, kuna mstari unaoporomoka kama mteremko. Chukua ile ile ya maikrofaradi 10 yenye umbo kubwa zaidi.

Mchuuzi_wa_Oda
Umbo kubwa ndilo Murata ilitangaza 2018 kwamba inapunguza kulitengeneza. Atalipata kwa nani?

Hesabu_Mbili
Yageo 😂